Arobaini ya Nesi Aliye Hai

Kambi ya miwa, Kilombero
5 Julai 1998

Mdogo wangu Teodosia,

Naomba barua hii ikukute umekaa chini, maana nimeambiwa siku hizi hukai. Mimi nipo. Mgongo unauma kama wa kila mkata miwa, na masizi ya miwa iliyochomwa hayatoki kwenye kucha hata nikisugua kwa mchanga, lakini nipo.

Adinani alifika kambini wiki iliyopita na marobota yake ya mitumba. Anasema alipita hapo kwako, karibu na Chunyu, akakuta baraza la zahanati limejaa watu nawe unamfokea mama mjamzito kwa kusahau kadi. Ulimfokea mpaka akalia, kisha ukampima bila kumtazama usoni. Nikamwambia Adinani, "Huyo siye Teodosia, uliingia zahanati ya watu wengine." Akacheka, akasema, "Nesi ni yeye, sauti ndiyo si yake. Na amekonda, sketi kaibana kwa pini."

Kule kwetu Nambambo wewe ndiye uliyekuwa unawabembeleza mbuzi wa mama wakizaa. Unawaita kwa majina, tunakucheka. Sasa niambie kweli. Unaumwa? Kuna mtu kakukosea? Au ni kazi? Mimi niliishia darasa la tano, sijui kuuliza kwa kuzunguka.

Mama anauliza kwa nini Pasaka hukwenda.

Kaka yako,
Saturnini


Zahanati, Ruangwa
2 Agosti 1998

Kaka Saturnini,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Siumwi. Hakuna aliyenikosea. Adinani ana mdomo mrefu, na ile sketi aliniuzia yeye mwenyewe, ilikuwa kubwa tangu siku ya kwanza.

Kazi ni ileile. Tangu mganga wetu alipohamishwa, zahanati ni mimi na funguo. Asubuhi wagonjwa, mchana kliniki ya watoto na chanjo, jioni natafuta mafuta ya taa ya jokofu la chanjo, na wajawazito hawachagui saa. Nyumba yangu na zahanati zinatazamana, kwa hiyo hakuna anayeona haya kugonga. Likizo nimeomba. Ofisini wamenijibu kwa heshima kwamba nitapewa mara tu atakapopatikana mtu wa kushika nafasi yangu. Naomba kila mwaka, huu wa sita, na kila mwaka wananijibu kwa heshima.

Jirani yangu ni Bi Mwantumu, yule mzee ambaye ukoo wao na ukoo wetu ni watani. Kila akipita ananiambia, "Mtani, wewe ni maiti inayotembea. Ningekuzika, basi tu sina nafasi, navuna choroko." Namjibu kwamba siku akifa yeye mimi nitakwenda sokoni. Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya siku. Yananitosha.

Mwambie mama nitakwenda Krismasi.

Mdogo wako,
Teodosia


Kambi ya miwa, Kilombero
18 Agosti 1998

Teodosia,

Krismasi ya mwaka juzi ulisema hivyo hivyo. Mama alipika ubwabwa, akala na Magreti wa jirani.

Nikuelezee kazi ya huku. Asubuhi nyapara anakupimia kipande chako cha miwa. Ukikimaliza, unatundika panga. Hata miwa ya mwenzako iwe imesimama mpaka mbinguni, wewe umemaliza, unakwenda kuoga. Watu wanalalamika kipande ni kikubwa, na kweli ni kikubwa, ila kina mwisho, unauona kwa macho. Yako haina. Mtu asiyeona mwisho wa kipande hufanyaje? Nimewaona wageni hapa, hukata kama wendawazimu mpaka saa nne asubuhi, halafu wanajikata mguu.

Fanya hivi. Waandikie kwamba mama anaumwa sana. Uongo wa namna hiyo Mungu anausamehe, na mama nitamwambia akohoe kidogo.

Saturnini


Zahanati, Ruangwa
6 Septemba 1998

Kaka,

Siwezi kuwaambia mama anaumwa. Nikifunga zahanati, mtoto mwenye degedege atapelekwa wapi? Ruangwa mjini ni mbali, na mvua za El Nino ziliikata barabara, hakuna aliyeiziba. Ndiyo maana sifungi. Usidhani napenda.

Uliniuliza kweli, nami nilikujibu nusu. Nusu nyingine ni hii.

Mwezi wa saba mama mmoja kutoka Matambarale alijifungua kwangu mtoto ambaye hakulia. Nilifanya yote niliyofundishwa. Hakulia. Nilimfunika, nikamwambia mama yake, nikanawa mikono. Jambo nililokuwa nawaza wakati nanawa ni kwamba sabuni inakaribia kwisha. Nikasubiri uchungu uje. Haukuja siku ile wala kesho yake. Mpaka leo nausubiri.

Wiki hiyo hiyo nilisinzia nimeshika sindano, mgonjwa amekaa mbele yangu amekunja mkono wa shati. Yeye ndiye aliyeniamsha. Alisema, "Pole, nesi." Mgonjwa alinipa pole mimi.

Korosho zikiisha naacha kazi. Sitaomba tena likizo. Nitakwenda Nambambo kulima, maana muhogo haugongi mlango. Wewe usinizuie. Hofu yangu ni kwamba kabla sijaacha nitaua mtu kwa mkono wangu huu, halafu nitanawa.

Teodosia


Kambi ya miwa, Kilombero
18 Septemba 1998

Kwa Bi Mwantumu, mtani,

Shikamoo, ingawa hustahili. Mimi ni Saturnini, kaka yake nesi wenu Teodosia. Barua hii anakuletea Adinani. Hesabu vidole vyako kabla hajaondoka kwako, na yeye atahesabu vyake, maana ukoo wenu hatuuamini hata kwa kulinda maboga.

Utani nauweka pembeni. Mdogo wangu amechoka uchovu ambao mimi siujui jina. Anataka kuacha kazi, na mimi simzuii kuacha. Akilima nitafurahi. Ila aliyoandika kuhusu sindano yamenitisha. Korosho hazijaanza hata kuokotwa, na hapa katikati anaweza kufanya jambo ambalo atalibeba mpaka kaburini, kwa kosa la usingizi.

Mimi nikimkemea ni ugomvi wa ndugu. Ofisi yao inamjibu kwa heshima. Lakini mtani hakasirikiwi. Nyinyi mnaweza kumnyang'anya mtu kuku wake mchana na yeye akacheka. Basi mnyang'anye kazi, siku mbili tatu. Mlaze. Njia sitakuchagulia. Mtukane, mfunge kamba, kaa mlangoni ufukuze watu. Sisi ukoo wetu tutalipa unachotaka, isipokuwa mke.

Saturnini wa Nambambo


Kambi ya miwa, Kilombero
12 Oktoba 1998

Bi Mwantumu,

Habari imenifikia Jumamosi. Adinani alikuwa Ruangwa mjini, akaona watu wanapakia jeneza kwenye gari la ofisi ya afya. Akauliza, akaambiwa ni la nesi wa kule Chunyu, amekufa ghafla, na watani wameshakaa msibani. Alikuja moja kwa moja kunieleza, hata mitumba hakuuza.

Ile barua ya kukuomba umlaze Adinani alimpa mtu wa huko kwenu aliyemkuta mjini, sijui kama ilimkuta mdogo wangu hai. Naambiwa wewe ndiye uliyesimamia mambo. Ni haki yako, na nakushukuru.

Nyapara aliniambia niende nyumbani. Nilimjibu watakuwa wamekwisha kumzika, nifuate nini. Nikaingia shambani, nikakata kipande changu mpaka mwisho. Wakati nakata nilikuwa nawaza kwamba panga limeanza kuwa butu. Hilo tu. Teodosia aliwahi kuniandikia jambo la namna hiyo kuhusu sabuni, nami nikadhani ni mambo ya watu waliosoma.

Mama sijui amepokeaje. Sijamwandikia, sijui nianze wapi.

Naomba unijibu kitu kimoja. Alikufa amelala, au alikufa kazini?

Saturnini


Kijijini, Ruangwa
24 Oktoba 1998

Kwa Saturnini. Anasema Bi Mwantumu, anaandika Mwalimu Kaimu.

Mtani,

Alikufa amelala. Nilimlaza mimi.

Yuko hai. Mwalimu anataka nianze na hilo, mimi nilitaka uteseke mpaka ukurasa wa pili. Haya, yuko hai, yuko kwa mama yenu Nambambo, na alipoondoka alikuwa anakula. Barua yako ya msiba nilisomewa barazani, nikacheka, halafu tulipofika kwenye panga butu nikaacha kucheka. Nimempelekea aisome mwenyewe.

Sasa sikiliza. Barua yako ya kwanza ilifika Ijumaa. Jumamosi alfajiri nikachukua wanawake wenzangu na mikeka, tukaenda kwake. Alifungua mlango akidhani nimeleta mgonjwa. Nikamwambia, "Mtani, choroko nimemaliza kuvuna. Leo nakuzika." Akasema, "Bi Mwantumu, nina kliniki." Nikamwambia, "Maiti haina kliniki." Tukamnyang'anya funguo, tukamrudisha kitandani, shuka mpaka kidevuni, nikafunga mlango kwa nje. Alipiga kelele, sikuchoka kumsikiliza. Alisema mimi ni mchawi. Nikasema ndiyo. Kisha kukawa kimya. Nikachungulia, nikamkuta amelala mdomo wazi.

Tukatandika mikeka mlangoni, tukalia. Ukizika lazima ulie, hata kama ni utani. Kila aliyekuja na jino au tumbo tulimwambia nesi amefariki, rudi Jumatatu. Wa hapa wote waliona ni mimi, wakaelewa, wengine wakakaa wakalia na sisi, wakaleta unga. Mtoto mmoja alizaliwa, Bi Rukaiya mkunga akampokea salama. Mtoto mwingine aliletwa na degedege, hapo sikucheza. Nilimfufua nduguyo, akamchoma sindano, akakaa naye mpaka akatulia, kisha nikamrudisha kaburini. Hakupinga. Alirudi mwenyewe, akajifunika.

Kosa ni la mnunuzi wa korosho mmoja, mgeni, sijui wa wapi. Alipita akaona kilio, akauliza nani, tukamjibu kama tulivyowajibu wote. Huyo hajui utani. Akatoa pole, akapeleka habari mjini.

Jumatatu likaja gari. Miaka sita hatujaliona, nduguyo akiomba mafuta ya taa tunaambiwa gari bovu. Kumbe linasubiri maiti. Likaja na jeneza, na bwana mkubwa mwenye tai, na binti mmoja na sanduku lake la bati. Bwana akatoa pole, akasema, "Huyu ni nesi Jenifa, atashika nafasi ya marehemu." Hapo hapo marehemu akatoka ndani na kanga kifuani, nywele zimesimama, akauliza nani amekufa.

Bwana mkubwa alikaa kwenye jeneza. Ndilo lilikuwa karibu.

Alipopata pumzi alikasirika. Akasema tumepoteza mafuta ya serikali, akamwambia dereva ageuze, akamwambia Jenifa apande. Tukakaa mbele ya gari, wanawake wote. "Bibi, ondokeni njiani," akasema bwana. Nikamwambia, "Mwanangu, jeneza likiingia msibani linatoka tupu? Kwenu ni wapi?" Yeye ni Myao, anajua kabisa mtani akiziba njia ya maiti haondoki mpaka agombolewe. Akasema, "Haya, mnataka nini? Kuku?" Nikasema kuku tunao. "Mnataka nini basi?" Nikamwonyesha yule mwenye sanduku. "Tunataka huyo akae hapa mpaka arobaini ya marehemu."

Akasema, "Marehemu huyo hapo amesimama!" Nikasema, "Wewe ndiye uliyeleta jeneza. Sisi tulileta mikeka tu."

Dereva ndiye aliyeanza kucheka. Bwana alijaribu kujizuia, akashindwa. Akaandika karatasi juu ya boneti. Arobaini kamili, kuanzia ile Jumamosi. Jeneza tulilijaza mihogo, likarudi mjini limeshiba.

Ukoo wenu unadaiwa. Nitafikiria nini. Nyinyi hamna kitu kizuri.

Mwantumu
(Mimi Kaimu naongeza: yote ni kweli, isipokuwa kwamba yeye mwenyewe alilia machozi halisi Jumamosi ile, na hataki niandike.)


Nambambo, Nachingwea
25 Oktoba 1998

Kaka Saturnini,

Shikamoo. Naandika nikiwa hai. Sikujua kwamba habari ilifika Kilombero, ningekuandikia siku ileile. Mama hakusikia kitu. Nilifika nyumbani kabla ya kifo changu, na nilipomsimulia alisema ukoo ule hauna adabu, kisha akaenda kumtafutia Bi Mwantumu kibuyu cha asali.

Wiki ya kwanza nililala kama mtu aliyepigwa. Nilikuwa naamka kula, na mama alikuwa ananitazama tu. Wiki ya pili nikawa naamka ghafla nikisikia mlango, kumbe ni mbuzi. Juzi nilikwenda na mama kwenye kilio cha mzee mmoja upande wa kisimani, nilimfahamu kwa salamu tu. Nikakaa na wanawake. Walipoanza kuimba nilianza kulia, na sikuweza kuacha. Watu walimwuliza mama kama yule mzee alikuwa mjomba wangu. Nilimlilia yule mtoto wa Matambarale, kaka. Na wengine nyuma yake ambao sikukuandikia. Mama alinifunika kanga kichwani, akaniacha.

Sijui kama nitaacha kazi. Nilikuwa najua, sasa sijui. Jenifa ananiandikia. Ni mpole, ana hasira za asubuhi, wajawazito wanampenda. Anasema karatasi yake inaisha kwenye arobaini, lakini ofisi imeshamwandika kwamba yuko kwetu, na ili kumwondoa lazima mtu aandike barua nyingine ya uhamisho, na hakuna anayeiandika. Miaka sita walishindwa kumleta mtu, sasa wameshindwa kumwondoa. Anasema yeye hatawakumbusha. Nami sitawakumbusha. Tukiwa wawili tunaweza kupeana zamu, mmoja akilala mwingine ana funguo. Hivyo labda naweza. Nitarudi nione, na nikiona sivyo, muhogo upo.

Bi Mwantumu amenitumia barua yako. Nimeisoma mara nyingi kuliko ulivyotaka. Nakuandikia sasa kama nesi. Mtu akiambiwa mdogo wake amekufa, akaenda kukata miwa mpaka mwisho wa kipande akiwaza panga, huyo ni mgonjwa. Naujua ugonjwa wake. Umekuwa huko miaka tisa. Umekuja nyumbani mara ngapi? Kipande chako unasema kina mwisho. Mwisho wake ni kesho asubuhi, nyapara anakupimia kingine.

Usinijibu kwa ushauri.

Teodosia


Kambi ya miwa, Kilombero
3 Novemba 1998

Mdogo wangu Teodosia,

Huku kambini bado umekufa.

Sikupanga. Barua zenu zilipofika pamoja nilizisoma pembeni mwa shamba, nikacheka peke yangu, na watu wakasema msiba umempanda kichwani. Halafu nikalia. Nililia vibaya, kwa ajili ya mtu aliye hai, na wenzangu wakasema afadhali, ametoa. Nianze vipi kuwaeleza? Ningewaambia habari ya jeneza la mihogo wangenifunga kamba. Nikawaacha waamini.

Maneno yako ya unesi sikuyapenda. Nilikaa nayo siku tatu. Siku ya nne nyapara alinipimia kipande, nikasimama mbele ya ile miwa, na mkono haukunyanyuka. Haukuuma. Ulikataa tu. Nikaliweka panga chini, nikamfuata. Unamjua Silvanus kwa habari zangu, si mtu wa kuombwa. Nikamwambia, "Bwana nyapara, nataka ruhusa. Kuna arobaini ya mdogo wangu."

Akaniuliza, "Si ulisema hakuna cha kufuata?"

Nikamwambia, "Kumbe kipo."

Alinitazama sana. Akasema, "Nenda. Nilikuwa najiuliza utaomba lini." Kisha akasema na yeye mama yake alikufa akiwa huku, mwaka wa tisini na nne, na hakwenda. Nilitaka kumwambia kweli, nikaona nitamnyang'anya hata hii arobaini anayonipa kwa niaba ya mama yake.

Wenzangu wamenichangia sukari, majani ya chai na sabuni ya mche kwa ajili ya matanga yako. Nimepokea kwa uso wa huzuni. Sukari nitakuja kuinywa na marehemu mwenyewe. Ya Bi Mwantumu nimeitenga, ingawa atasema imeloa.

Sijui nitakaa siku ngapi. Silvanus hakuniandikia tarehe ya kurudi, nami sikumkumbusha.

Naondoka Alhamisi kwa lori mpaka Dar, halafu nitaona. Mama asichinje kuku siku hiyo, na wewe usiwaite watu. Tandika mkeka pale uani. Nikifika nitalala kwanza, mengine tutaongea nikiamka.

Kaka yako,
Saturnini